Mashine Nayo Ina Kliniki Yake: Jinsi Kompyuta Inavyosaidia Kutunza Vifaa vya Hospitali

  Uko jikoni, uko sokoni, uko shambani, au umekaa kwenye foleni ya kliniki ukimpakata mtoto: popote ulipo, sogea karibu na redio.

Mada yetu leo huenda ikaonekana ngeni kidogo. Hatutazungumza juu ya lishe wala malaria. Tutazungumza juu ya mashine za hospitali: jinsi zinavyotunzwa, nani huzitunza, na jinsi kompyuta inavyoweza kusaidia kazi hiyo. Najua kuna mama anayejiuliza, "Sista, mashine za hospitali zinanihusu nini mimi? Si hiyo ni kazi ya mafundi?" Mama, inakuhusu sana. Siku mtoto wako atakapolazwa akishindwa kupumua, au atakapozaliwa kabla ya wakati, uhai wake utategemea mikono ya muuguzi, akili ya daktari, na mashine iliyo kando ya kitanda. Mashine hiyo ikiwa mbovu, mikono na akili peke yake hufika mahali ikakwama.

Mashine inaweza kuwaka na isifanye kazi

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mashine ya hospitali si kama balbu ya nyumbani, ambayo ikiharibika inazima na kila mtu anaona. Mashine nyingi za hospitali huharibika polepole, huku zikiendelea kuwaka.

Chukua mfano wa taa ya watoto wachanga wenye manjano. Watoto wengi hupata rangi ya manjano machoni na kwenye ngozi siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa wengi hupungua yenyewe. Lakini kwa wengine manjano huzidi, na ile kemikali inayoileta ikipanda sana katika damu, inaweza kuudhuru ubongo. Mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kusikia, au akakua na ulemavu wa viungo. Ndiyo maana tunamlaza chini ya taa ya buluu. Mwanga ule huibadilisha kemikali hiyo ndani ya ngozi ili mtoto aweze kuitoa kwa njia ya mkojo na choo.

Sasa sikiliza vizuri. Zile taa ndefu za mrija huchoka. Zikishawaka kwa muda mrefu, macho yako bado yanaona mwanga wa buluu mzuri, lakini nguvu ya kutibu imepungua. Taa nyingi za aina hiyo hushauriwa zibadilishwe baada ya kuwaka takriban saa 2,000. Ikiwa taa inawaka mchana na usiku bila kuzimwa, saa 2,000 ni siku 83 tu, yaani hata miezi 3 haifiki. Taa za kisasa zaidi hudumu muda mrefu kuliko hizo, lakini hata hizo zinahitaji kupimwa kwa kifaa maalum cha kupimia mwanga. Muuguzi hawezi kujua kwa kutazama tu, na mama hawezi kujua. Lazima mtu awe anahesabu saa.

Mfano wa pili ni mashine ya oksijeni, ile inayowekwa kando ya kitanda na kuunguruma. Mashine hii huvuta hewa ya kawaida ya chumbani. Hewa hiyo ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mashine huondoa gesi nyingine ya naitrojeni, na ikiwa nzima hutoa hewa yenye oksijeni asilimia 90 au zaidi. Sasa chujio lake likijaa vumbi, au dawa iliyo ndani yake ikiingia unyevu, oksijeni huanza kupungua. Mashine inaendelea kuunguruma. Maji kwenye chupa yake yanaendelea kutoa povu. Mrija uko puani mwa mtoto. Lakini kinachotoka si kile anachohitaji mtoto mwenye nimonia. Na sisi wa Eldoret tuko juu, takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Mtoto mwenye nimonia hapa hana oksijeni ya kupoteza.

Mfano wa tatu ni friji ya chanjo. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Joto likizidi, chanjo ya surua huanza kupoteza nguvu. Baridi ikizidi mpaka barafu, chanjo kama ile ya pepopunda huharibika. Ukiitazama chupa, dawa ni ileile. Mtoto anachomwa sindano, analia, mama anafurahi kwamba amemaliza chanjo, kumbe kinga haipo.

Mifano hii mitatu ina funzo moja. Kungoja mashine ife kabisa ndipo fundi aitwe ni kungoja mpaka mgonjwa awe ameshaumia. Mashine inatakiwa iangaliwe ikiwa bado nzima.

Kadi ya kliniki ya mashine

Akina mama, jambo hili ninyi mnalielewa kuliko watu wengi. Mtoto wako akizaliwa anapewa kijitabu cha mama na mtoto. Kina jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na uzito wake. Anapata chanjo ya kwanza anapozaliwa, halafu anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, na kuendelea. Humpeleki kliniki kwa sababu anaumwa. Unampeleka akiwa mzima, ili abaki mzima. Na kama aliwahi kulazwa, kijitabu kinaonyesha.

Wale wenye ng'ombe wa maziwa nao wanajua. Mfugaji mzuri ana kadi ya kila ng'ombe: amezaa lini, amepandishwa lini, amepata dawa ya minyoo lini, anatoa lita ngapi. Na mwenye matatu anajua kwamba gari halingoji kuzimika njiani pale Burnt Forest ndipo libadilishwe oili.

Mashine ya hospitali nayo inatakiwa kuwa na kadi yake. Zamani, na katika vituo vingi hata leo, kadi hiyo ni ya karatasi au ni daftari kubwa lililo katika karakana. Daftari si baya. Kituo kidogo chenye mashine kumi na daftari linaloandikwa kila siku kiko mbele ya hospitali yenye kompyuta isiyojazwa. Lakini fikiria hospitali kubwa kama Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini. Hospitali hii ilianza mwaka 1917 ikiwa ndogo. Leo ina wadi nyingi, vyumba vya upasuaji, hospitali ya akina mama na watoto wachanga ya Riley iliyofunguliwa mwaka 2009, na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Katika hospitali ya ukubwa huo, kukumbuka kwa daftari ni mashine gani inatakiwa kubadilishwa chujio wiki hii ni kazi ya kumchosha mtu. Ukurasa unachanika, fundi anahamishwa, daftari linapotea, na historia yote ya mashine inapotea nalo.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Kompyuta inafanya nini hasa?

Kompyuta haitengenezi mashine. Kazi yake ni kukumbuka, kuhesabu na kukumbusha. Nitaeleza hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuandikisha. Mafundi wanapita wadi moja baada ya nyingine na kuhesabu kila kifaa. Kila kimoja kinapewa namba yake na kubandikwa stika. Katika kompyuta wanaandika namba hiyo, aina ya mashine, kampuni iliyoitengeneza, mwaka iliponunuliwa au kutolewa kama msaada, bei yake, na wadi iliko. Huo ndio usajili wa kuzaliwa kwa mashine.

Hatua ya pili ni ratiba. Kila aina ya mashine ina siku zake za kuangaliwa. Chujio la nje la mashine ya oksijeni linasafishwa kila wiki na wauguzi wenyewe. Inkubeta, mashine ya presha, mizani ya watoto, mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji kwa mvuke: kila moja ina ratiba yake kulingana na maagizo ya kampuni. Programu ya kompyuta inazijua tarehe zote. Jumatatu asubuhi fundi akifungua kompyuta anakuta orodha: wiki hii mashine fulani ya wadi fulani inatakiwa kupimwa. Ni kama vile sista wa kliniki anavyojua watoto gani wanatakiwa kuja wiki hii.

Hatua ya tatu ni kupokea malalamiko. Muuguzi wa usiku akiona kipima oksijeni cha kidole hakisomi, anaripoti kwa kutaja namba iliyo kwenye stika. Ripoti inaingia katika kompyuta pamoja na saa na tarehe. Fundi anapewa kazi hiyo. Akimaliza, anaandika alichokikuta, alichobadilisha, na muda aliotumia. Kazi ambayo haijafanywa inabaki ikionekana kwenye orodha. Haiwezi kufichwa chini ya meza kama kijikaratasi.

Hatua ya nne ni spea. Kompyuta inaonyesha vimebaki vyujio vingapi, fyuzi ngapi, betri ngapi, na taa ngapi za manjano. Vikikaribia kuisha, inaonya mapema, kwa sababu kununua vitu vya hospitali huchukua muda.

Hatua ya tano, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni kumsaidia msimamizi kuamua. Baada ya mwaka mmoja kompyuta inaweza kuonyesha kwamba mashine hii imeharibika mara 9, ilikaa siku 120 bila kutumika, na pesa zilizotumika kuitengeneza zinakaribia bei ya mashine mpya. Basi inatolewa, inanunuliwa nyingine. Tena msimamizi akienda kuomba bajeti ya kaunti, haendi kusema tu "mashine zetu ni mbovu." Anakwenda na hesabu mkononi.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2011 vitabu vya mwongozo juu ya utunzaji wa vifaa vya matibabu, na kimoja kinahusu programu za kompyuta za kazi hii. Si lazima ziwe za bei kubwa. Kituo kinaweza kuanza na orodha rahisi katika kompyuta moja, kisha kipanuke kadiri kinavyoweza.

Kompyuta si ngeni kwetu

Wengine watasema mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Hapana. Watu wa upande wetu wana historia ya kujivunia katika jambo hili.

Mwaka 2001, katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, kilicho kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, kulianzishwa mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Ulianzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Zilikuwa kompyuta mbili tu zilizounganishwa, na betri ya kuchajiwa na jua kwa ajili ya siku ambazo stima imepotea. Walipopima baada ya mwaka mmoja, walikuta kwamba muda ambao mgonjwa alitumia kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi hiyo ya Mosoriot ulijengwa mfumo wa rekodi wa AMPATH hapa Eldoret, na kuanzia mwaka 2004 ukachangia kuzaliwa kwa programu ya bure iitwayo OpenMRS, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi duniani.

Mfumo ule ni wa rekodi za watu, si wa mashine. Lakini unatuonyesha kwamba kompyuta mbili na betri ya jua, pamoja na watu waliojitolea kujaza taarifa kila siku, zinaweza kubadilisha kituo cha mashambani. Kama tumeweza kumfuatilia mgonjwa kwa kompyuta, kumfuatilia kwa njia hiyohiyo mashine anayotibiwa nayo si jambo la kutushinda.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walichapisha hesabu ya vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16 zenye kipato kidogo. Walikuta karibu vifaa 4 katika kila 10 havifanyi kazi. Fikiria una kuku 10 na 4 hawatagi, na bado unawalisha wote.

Lakini kuna habari njema pia. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliangalia vifaa vibovu zaidi ya 2,500 katika hospitali 60 za nchi 11. Vifaa 7 hivi katika kila 10 viliweza kurudishwa kazini kwa ujuzi wa kawaida na vitu vinavyopatikana hukohuko. Maana yake ni kwamba mara nyingi shida si mashine kufa. Waya umekatika, chujio limeziba, fyuzi imeungua, au hakuna aliyefunzwa kuitumia. Na pengine hakuna aliyeandika kwamba iko pale.

Hapa Kenya tumejifunza pia. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, kwa mkataba wa miaka 7, kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na hospitali 4 za kitaifa. Kulikuwa na vifaa vya upasuaji, vya picha za eksirei, vya kusafisha figo na vya wagonjwa mahututi, na kampuni zilizoleta ndizo zilizotakiwa kuzitunza. Mwaka 2020 kamati maalum ya Seneti ilichunguza mpango huo na kueleza, pamoja na mambo mengine, kwamba katika baadhi ya hospitali vifaa vilikuwa vimekaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, vyumba au wafanyakazi waliofunzwa. Mashine mpya bila stima na bila mtu wa kuitumia haimtibu mtu.

Mambo ambayo kompyuta haiwezi

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kompyuta ni muujiza. Kompyuta inakumbuka kile tu ilichoambiwa. Fundi akiandika "nimeangalia" na hakuangalia, kompyuta itaamini. Stika ikibanduliwa, mashine inapotea kwenye orodha. Mashine ikihamishwa kutoka wadi moja hadi nyingine usiku bila kuandikwa, fundi atakuja asubuhi aikose.

Tena kompyuta haiwezi kununua spea. Ikionya mara tano kwamba taa za manjano zimechoka, na hakuna pesa zilizotengwa, onyo hilo ni kelele tu. Na kompyuta haiwezi kuchukua nafasi ya fundi. Chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC hufunza mafundi wa vifaa vya matibabu hapa nchini, na hospitali inayonunua mashine bila kuajiri fundi ni kama mtu anayenunua trekta bila dereva.

Kwa hiyo mambo haya yanakwenda pamoja: orodha sahihi, fundi aliyefunzwa, pesa za spea, na muuguzi anayeripoti. Moja likikosekana, kazi inalegea.

Wewe mama au mlezi ufanye nini?

Huhitaji kujua kompyuta ili kusaidia. Fanya haya:

1. Usichomoe waya wa mashine yoyote ili uchaji simu. Mashine nyingine zina betri ndogo ndani, zitaendelea kidogo kisha zizime mtoto akiwa amelala nazo. Muulize muuguzi pahali pa kuchajia.

2. Mashine ikilia, mwite muuguzi mara moja. Usiizime wala usibonyeze kitufe. Sauti ile ndiyo njia ya mashine kuomba msaada.

3. Usining'inize nguo wala shuka juu ya inkubeta, taa ya manjano au mashine ya oksijeni. Mashine ya oksijeni inahitaji kuvuta hewa, isisukumwe mpaka ukutani.

4. Usibandue stika, na uwaonye watoto wanaokuja kutembea wasizichezee. Stika ile ndiyo kitambulisho cha mashine.

5. Ukiona kitu, sema. Mrija umejikunja, maji yameacha kutoa povu, taa moja kati ya nne imezima, mizani inasoma uzito kabla mtoto hajawekwa. Wewe ndiye unayekaa na mtoto usiku kucha. Muuguzi mmoja ana watoto wengi.

6. Una ruhusa ya kuuliza. Uliza kwa upole: "Sista, samahani, naomba kujua mashine hii ilikaguliwa lini?" Hospitali nyingi huandika tarehe ya ukaguzi kwenye stika. Muuguzi mzuri hatakasirika. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa.

7. Ukialikwa katika baraza la wananchi au katika kamati ya kituo cha afya, usiulize tu "mtatuletea mashine lini?" Uliza pia, "Zile tulizo nazo ni ngapi, zinazofanya kazi ni ngapi, na pesa za kuzitunza ziko wapi?" Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo maswali hayo yana mahali pa kupelekwa hapahapa nyumbani.

Maswali ambayo akina mama huuliza

*Mtoto wangu ana manjano. Kama taa za hospitali zinaweza kuchoka, si afadhali nimweke juani nyumbani?*

Hapana, mama. Jua la asubuhi halina kipimo, linaweza kumchoma mtoto au kumpoza, na halitoshi kutibu manjano makali. Mlete mtoto hospitali haraka akipata manjano katika siku yake ya kwanza, au manjano yakifika kwenye viganja na nyayo, au akiwa mlegevu na hataki kunyonya. Hata taa ikiwa si mpya, hospitali kuna kipimo cha damu na kuna watu wa kumwangalia. Endelea kumnyonyesha mara kwa mara, kwa sababu ndivyo anavyoitoa ile kemikali mwilini.

*Kompyuta itaharibika stima ikipotea. Hapo itakuwaje?*

Ni kweli stima hupotea, hasa wakati wa mvua kubwa. Ndiyo sababu kituo kinatakiwa kuwa na betri ya akiba, na taarifa zihifadhiwe mahali pawili. Orodha ya kazi za wiki inaweza pia kuchapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Kompyuta na karatasi si maadui.

*Je, jambo hili linahusu hospitali kubwa tu?*

Hapana. Tangu Septemba 2023 serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, vifaa vimefika mpaka mlangoni kwako: mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Hivyo navyo vinachoka. Betri ikiwa dhaifu, au ukanda wa presha ukivuja, kipimo kitadanganya. Mama mjamzito akiambiwa presha yake ni nzuri kumbe imepanda, kifafa cha mimba kinaweza kumpata bila onyo. Kama una dalili kama kuumwa kichwa sana, kuona maruweruwe, au kuvimba uso na mikono, usitosheke na kipimo kimoja. Nenda kituoni upimwe tena kwa mashine nyingine.

*Mashine mbovu zilizojaa katika stoo za hospitali zinangoja nini?*

Mara nyingi zinangoja uamuzi. Nyingine zinaweza kutengenezwa, nyingine zinafaa kutolewa spea, nyingine ni za kutupwa kwa utaratibu wa serikali. Bila orodha hakuna anayejua ipi ni ipi. Orodha ikiwepo, stoo hupungua na wadi hupata vifaa.

Ya kukumbuka

Mashine inayowaka si lazima iwe inatibu. Mashine, kama mtoto, hupelekwa kliniki ikiwa nzima. Kompyuta husaidia kukumbuka tarehe, kufuatilia kazi na kuhesabu gharama, lakini inahitaji mtu mwaminifu wa kuijaza, fundi wa kutengeneza na bajeti ya spea. Na jicho la mama aliye kando ya kitanda halina mbadala.

Wiki hii mkienda kliniki, tazameni ile mizani mnayowekea watoto. Kabla mtoto hajawekwa, inatakiwa kusoma sifuri. Ikiwa haisomi sifuri, mwambie sista kabla hajaandika kitu kwenye kijitabu. Kwa kufanya hivyo utakuwa umemsaidia mtoto wako na watoto wote walio nyuma yako kwenye foleni.

 Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari pamoja na kutumia vidonge vya zinki. Mpaka hapo, kaeni salama, na muwatunze watoto.